Nani Kamchagulia Wimbo Huyu?

Msyuuu! Nisameheni, nimesonya kabla ya salamu. Lakini ninyi hamkuwepo Jumamosi. Mngekuwepo mngesonya kunizidi. Mtu mzima, ana watoto watatu na deni la SACCO, kapanda mbele ya rika lake, kapewa kipaza sauti, kachagua wimbo wa Celine Dion. Ule wa 1997, wa meli iliyozama. Mwanamume! Na sauti yenyewe ni ya kuitia mbuzi. Wimbo ulipofika pale unapopanda ghafla, naye akapanda, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu ikamkatalia, akabaki ananing'inia juu kama shati lililosahauliwa kwenye kamba. Meli ikazama, na sisi tumo ndani.

Kesi ikafika kijiweni Jumapili asubuhi kabla chai haijachemka.

Kijiwe chetu kiko Oli, hapa Arua, kando ya stendi ya bodaboda. Kina benchi moja, tairi mbili za lori na dumu la lita ishirini ambalo ni kiti cha Mzee, wala usijaribu kulikalia. Mzee alikuwa Opec. Msioijua Arua mtadhani nasema wale matajiri wa visima vya mafuta. Hapana, Opec Boys walikuwa vijana wa hapahapa, wakivusha petroli kutoka Congo na Sudan kwa madumu kama hilo na kuiuza kando ya barabara. Wakifukuzwa mtaa huu wanachipuka mtaa ule. Yeye aliacha zamani, dumu likabaki naye. Wajumbe wengine ni Fundi wa simu, Dereva wa Ipsum, Mwalimu aliyekimbia chaki akaingia kwenye mitumba, na Mama Chapati, ambaye anasema yeye si mjumbe, ila hakuna hoja inayopita bila yeye kwa sababu moto ni wake.

Mimi nilikuwa shahidi na mshitakiwa kwa pamoja. Rika letu, tuliozaliwa kati ya 1986 na 1995, tuliosoma Mvara, Ombaci, Muni na shule nyingine za bweni, tumepanga kukutana Koboko wakati wa Krismasi. Kwa nini Koboko? Kwa sababu nusu ya rika iko huko inatafuta riziki ya mpakani. Kutakuwa na mbuzi, kutakuwa na hotuba za kuchosha, halafu usiku kuna kaliyoki. Kamati ya burudani nimetwikwa mimi. Jumamosi ilikuwa ya majaribio, na majaribio yenyewe ndiyo hayo.

"Hebu ngoja," Mzee akasema. "Kaliyoki gani? Si ile ya kufumbafumba midomo?"

Swali la haki. Vijana wa leo hawajui, lakini Uganda nzima neno hilo lilikuja na maana yake ya kienyeji. Mwishoni mwa miaka ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili, kaliyoki ilikuwa kundi la vijana wamevaa sawasawa, kanda inalia, nao wanacheza na kuchezesha midomo kana kwamba sauti ni yao. Sauti ya mwenyewe iko Kinshasa au Marekani, jasho liko hapa. Watu walilipa kiingilio! Na hukumu ilikuwa moja: mdomo wako umeenda sambamba na kanda au umechelewa? Baadhi ya wanamuziki tunaowaheshimu leo walianzia kwenye kufumbafumba huko.

Sasa hii ya siku hizi, nikamweleza Mzee, ni kinyume chake. Sauti ya mwenyewe imeondolewa, ala zimebaki, maneno yanapita kwenye televisheni, wewe unajaza.

"Basi mmeibiwa," akasema. "Zamani tulipata wimbo mzima."

Fundi akaingilia. Fundi kila alichonacho kichwani kimepitia kwenye simu ya mtu. Akasema neno lenyewe ni la Kijapani. Kara ni tupu, kama ile ya karate, mikono mitupu. Oke ni kipande cha neno okestra, jinsi Wajapani wanavyolitamka na kulikata. Kwa hiyo kaliyoki ni okestra tupu.

Hapo nilikaa kimya kidogo. Okestra ni neno letu kabisa. Baba zetu walisema Orchestra Makassy, iliyovuma kule Kampala kabla ya kuhamia Dar es Salaam na baadaye Nairobi, kama mtu anavyotaja ukoo. Okestra ilikuwa watu wanane, kumi, kumi na watano, wamebanana na magitaa yao na tarumbeta zao. Okestra tupu ni kitu kingine kabisa. Ni chumba kimefagiliwa, viti vimepangwa, kinangoja wenyewe.

Aliyekipanga, Fundi akaendelea, wengi husema ni Inoue Daisuke wa mji wa Kobe, mwaka 1971. Alikuwa mpiga kinanda kwenye vilabu vya usiku, kazi yake kuwasindikiza wateja wanaotaka kuimba. Kulikuwa na bosi mmoja wa kampuni ambaye hakujua kuimba hata kidogo, lakini Inoue alijua kumfuata: bosi akikimbia naye anakimbia, bosi akikwama naye anamsubiri. Siku bosi alipotaka kusafiri naye, Inoue hakuweza kwenda, akamrekodia kanda ya ala peke yake zinazolingana na sauti ile mbovu. Bosi akafurahi, Inoue akapata akili, akaunda mashine zake kumi na moja za kwanza zinazotumia sarafu. Na hakuziandikisha hataza. Dunia nzima ikachukua bure. Mwaka 2004 wakampa zawadi ya Ig Nobel, ile ya mzaha, upande wa amani, kwa sababu amewafundisha binadamu njia mpya ya kuvumiliana.

"Hakuandikisha?" Mama Chapati akageuza chapati. "Huyo kagawa petroli bure."

Mzee akaguna. Lilimuuma.

Lakini mimi nililoliokota hapo ni lingine. Kumbe tangu siku ya kwanza kitu hiki kilitengenezwa kwa ajili ya mtu asiyejua kuimba! Hakikutengenezwa kwa ajili ya Celine Dion. Yule wetu wa Jumamosi alipotosha katiba.

Nikakumbuka na habari ya Mjapani. Mwaka jana tulikuwa na mgeni hapa Arua, Mjapani, kazi yake mambo ya madaraja, umri kama wetu. Kijana mpole. Enyasa, ugali wetu, alikuwa anaimega kwa vidole na kuchovya kwenye mchuzi wa samaki wadogo wa angaraa bila kuuliza kijiko, na ukimsalimia mi ngoni anakujibu muke kama mzaliwa wa Maracha. Jioni moja nikamtoa, tukaingia baa yenye kaliyoki. Nikamuuliza, ninyi wenye kitu chenu, watu wa miaka thelathini kule kwenu mnaimba nini?

Akacheka. Akasema kwao huimbi mbele ya ukumbi wa watu usiowajua. Mnaingia wenzio watano sita kwenye kachumba mnakofunga mlango. Na kachumba ka kwanza ka namna hiyo, kule Okayama mwaka 1985, kalitengenezwa kwenye kontena la mizigo. Kontena! Sisi kontena tunauzia laini za simu na mobaili mani, wenzetu wakaingia ndani kuimba. Sasa kwa kuwa mko sita tu na mnalipia saa, huwezi kuchagua wimbo unaoupenda peke yako. Wenzako wataangalia simu zao, na hiyo kwao ndiyo kusonya. Mnachagua wa wote. Na wa wote kwa watu wa thelathini, akasema, ni ule mliousikia mkiwa na sare za shule.

Akanitajia. Kuna wa kundi la MONGOL800 kutoka Okinawa, "Chiisana Koi no Uta," wa 2001, wimbo wa mapenzi lakini unaimbwa kwa kupiga kelele kama uko uwanjani. Kuna wa katuni ya Evangelion, "Zankoku na Tenshi no Tēze," wa 1995. Ukianza tu, hata mhasibu mnyamavu anasimama. Kuna "Kiseki" wa 2008 wa GReeeeN, kundi la vijana madaktari wa meno ambao miaka yote walificha nyuso zao ili kazi ya meno isiingiliwe na umaarufu.

Hili la meno lilizuia mkutano kwa dakika kumi nzima.

"Daktari wa meno anayeficha uso," Mama Chapati akasema, "huyo kang'oa lisilo lenyewe."

Basi usiku ule Mjapani akaombwa aimbe cha kwao. Kompyuta ya baa haikuwa na wimbo wowote wa Kijapani, na bando lilikuwa limekata. Akaimba hivyo hivyo bila ala, "Ue o Muite Arukō" wa Sakamoto Kyu, wa 1961. Huo ndio uliovuka hadi Marekani ukashika nafasi ya kwanza mwaka 1963, ila wauzaji wa nje waliona jina gumu wakaubandika "Sukiyaki," ambayo ni sufuria ya nyama. Ni sawa na kuchukua "Malaika" ukaiuza kwa jina la Enyasa na Angaraa. Sakamoto mwenyewe alikufa kwenye ajali ya ndege ya 1985, ile iliyoua watu 520.

Baa yote haikujua neno hata moja. Watu wakaendelea na chupa zao, kwa adabu. Lakini wimbo ule una mahali mwimbaji anaacha maneno na kupiga mluzi. Mjapani alipofika hapo akapiga mluzi wake, na kwenye kona akatokea mtu akamfuata. Akafuata wa pili. Mara ya tatu baa nzima inapiga mluzi, hadi askari wa mlangoni, saa tano za usiku, wakati kila mmoja wetu alikatazwa na bibi yake kupiga mluzi usiku asiite nyoka. Nikamwambia hivyo tulipokaa. Akashtuka. Akasema bibi yake naye alimkataza, na kwa sababu hiyohiyo: nyoka!

Lugha hatukuijua, wimbo hatukuujua, na bado ule ndio wimbo ulioinua watu kuliko yote usiku ule. Ulikuwa na mlango. Mtu wa nje alipata pa kuingilia.

Sasa rudini Jumamosi mniambie, wimbo wa meli una mlango wapi? Hakuna. Umefungwa kwa ndani, na aliyemo ndani anazama.

Mwalimu akasema tusimwonee mmoja. Ni kweli. Mimi pia nina dhambi. Miaka miwili iliyopita, hapahapa Arua, nilijiona Mkongomani nikachagua "Loi" ya Koffi Olomide. Na ni wimbo wa rika letu kweli, 1997, mabasi yote ya Kampala yaliupiga. Ile sehemu ya mwanzo nikaitafuna vizuri, Lingala langu la Ariwara, kule Congo, watu wananishangilia. Halafu likaja sebene. Enyi watu! Sebene halina maneno. Ni magitaa matupu na mtu wa kupaza sauti, atalaku, anayetaja majina na kuamrisha viuno. Usipokuwa na mdomo wa atalaku, umesimama na kipaza sauti mkononi kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wageni, dakika zinapita, gitaa linakuuliza swali lilelile. Nilisema hallo hallo mara nne. Nikataja jina la mjomba wangu. Nikashuka.

Kwa hiyo neno langu kuhusu Congo ni hili: ngoma za Congo chagua za Awilo Longomba, "Coupe Bibamba" ya 1998 au "Karolina" ya 2001, maana Awilo hakungoji, anaanza kukimbia tangu mwanzo na kila mtu anakimbia naye. Koffi mwachie Koffi.

Wapo na wale wanaochagua wimbo wa mwezi huu ili waonekane bado wabichi. Hao tuwaombee. Wapo wanaochagua "My Way" ya Sinatra wakishalewa. Huko Ufilipino watu wameshauana kwa ajili ya wimbo huo, baa zikauondoa kabisa kwenye orodha, na mimi nauondoa leo.

Tulibaki na swali lenyewe. Watu wa thelathini wa Arua na Koboko, wimbo wao wa sare za shule ni upi?

Hapa kila mtu akawa anasema kwa pamoja, na cha ajabu, nyimbo zilizotajwa karibu zote hazikuwa za Kilugbara wala Kikakwa wala Kiingereza. Zilikuwa za Kiswahili. Mr Nice na "Kidali Po" yake, na "Fagilia." Huyo aliita mtindo wake Takeu, yaani Tanzania, Kenya, Uganda, kwa hiyo na sisi tulikuwemo kwenye herufi ya mwisho hata kama hakuna aliyetuuliza. Alikiba na "Cinderella." Na Chameleone! Mtu wa Kampala, mwana wa Buganda, tazama majina ya albamu zake za miaka tuliyokuwa bweni: Njo Karibu, Mambo Bado, Kipepeo ya 2005, Shida za Dunia ya 2006. Kama si Kiswahili, ni lugha gani hiyo?

Nataka mlione hili vizuri kwa sababu linanichekesha na kuniuma. Kampala, mtu akikusikia unazungumza Kiswahili mkono wake unakwenda mfukoni kushika pochi. Lugha ya askari, lugha ya wezi. Na wanajua kabisa nani wa kumlaumu: Amin, mwenye asili ya Koboko, aliyetangaza mwaka 1973 kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya taifa. Alipoondoka 1979, lugha ikabaki na jina lake kama shati la marehemu, hakuna anayetaka kulivaa. Sisi wa huku tulilivaa. Tungefanyaje? Koboko ukitembea upande mmoja uko Sudan Kusini, upande mwingine uko Congo. Wakakwa wako nchi zote tatu. Soko haliwezi kusubiri mkalimani. Hapa Oli, Kinubi na Kiswahili vimelala kitanda kimoja muda mrefu hadi watoto hawajui kipi ni kipi. Halafu mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kwamba Kiswahili ni lugha rasmi na kifundishwe mashuleni. Asanteni. Sisi tulikuwa darasani na Mr Nice tangu zamani.

Mwalimu ana nadharia yake, na kwa kuwa ni ya Mwalimu ni ndefu, naikata. Anasema nyimbo zile tulizipata njiani, hatukuzipata redioni. Radio Pacis ilianza 2004, na ni redio yetu ya fahari, hata tuzo ya BBC ilipata 2007. Lakini kabla ya hapo mtoto wa West Nile alisikia muziki ndani ya basi la Kampala, safari ya kilomita karibu mia tano, na miaka ile njia ya Karuma ilikuwa ya msafara wa jeshi kwa sababu ya waasi wa Kony. Basi linasubiri wenzake, askari wanapanga foleni, dereva ana kanda tatu tu. Unaogopa, na kanda inazunguka. Unafika Kampala unaujua wimbo mzima, na kila aliyekuwa ndani ya basi anaujua. Ndiyo maana, anasema Mwalimu, ukimpigia mtu wa rika letu "Maria Salome" ya Saida Karoli anaimba macho yamefumba, ingawa ile sehemu kubwa ni Kihaya cha Bukoba na hakuna Mlugbara anayejua Kihaya.

Hapo Mama Chapati aliacha chapati ikaungua. Sikuwahi kumwona akiunguza chapati.

Tukaendelea. Fundi akaleta tatizo la ufundi, na ni tatizo kweli. Nyimbo za Kizungu zote zina matoleo yake ya kaliyoki, maneno yanapita chini yamepakwa rangi. Nyimbo zetu nyingi hazina. Ukibahatika unapata ala bila maneno, usipobahatika DJ anapiga wimbo wenyewe na sauti ya mwenyewe ndani, mnaimba juu yake, tukarudi kulekule kwa Mzee kwenye kufumba mdomo. Kwa hiyo ukichagua wimbo wa kwetu ujue huna pa kusomea. Unategemea kichwa, na kichwa cha mtu wa thelathini na kitu, aliyelipa ada ya watoto wiki hii, kinakumbuka kiitikio tu. Ubeti wa pili umekwenda. Umekwenda na ujana.

Na mimi nikasema, hiyo si hasara! Atakayesahau ubeti wa pili asaidiwe. Watu hawakuja kumsikiliza, wamekuja kumkamilishia. Chagua wimbo ambao ukikwama, meza tatu zinajua unapokwama. Kipimo changu ni hicho, na kamati ya burudani ni mimi.

Sasa Koboko yenyewe. Ukumbi utakuwa na watu wetu, na Waaringa kutoka Yumbe, na Waaluri kutoka Nebbi, na mashemeji wa Yei na Juba, na wafanyabiashara wa Ariwara. Waaluri wawekewe "Unbwogable" ya Gidi Gidi Maji Maji, ya 2002, ile iliyogeuka wimbo wa uchaguzi Kenya. Ni Kijaluo, na Kijaluo na Kialuri ni ndugu wa tumbo moja, wataelewa maneno ambayo sisi tunapiga kelele tu. Wa Juba wawekewe chochote cha Kiarabu cha Juba, Wanubi wataimba nao na kuwasahihisha. Mabinti wa Muni, ambao sasa ni mama watu na wakubwa wa ofisi, wapewe Blu*3, lile kundi la wasichana watatu lililotokana na shindano la Popstars mwaka 2004, kwa sababu mmoja wa wale watatu ni Jackie Chandiru, damu ya huku. Wakimaliza Blu*3 wataingia "Gold Digger" yake bila kuombwa, na sisi wanaume tutainamisha vichwa kuangalia sahani.

Kisha "Nakudata" ya Radio na Weasel, ya 2008. Huo uje katikati, usije mwisho. Mowzey Radio alikufa tarehe mosi Februari 2018, na ukiuweka mwisho watu watalia na bado wana safari ya usiku.

Na wa kwanza kabisa? Hapa tulikwama. Wa kwanza ndiye anayebeba aibu ya wote. Mzee akasema wa kwanza aimbe vibaya makusudi. Tukacheka. Hakucheka. Akasema enzi zao kwenye pombe ya kwete, mzee mwenye sauti mbovu ndiye aliyeanzisha wimbo, kusudi kijana yeyote asiogope kudakia. Akianza fundi wa kuimba, wengine wote wanakuwa wasikilizaji.

Nikamwangalia Mzee kwa heshima mpya. Yule bosi wa Kobe naye hakuwa tofauti.

Jumatano tukaondoka na Dereva kwenda kulipia ukumbi Koboko. Mimi mbele, nyuma Mwalimu, Fundi, na yule mshitakiwa wa meli, ambaye alikuwa na shughuli zake Oraba na hatukuweza kumnyima lifti. Siku hizi lami tupu, hadi mpakani. Ipsum ya Dereva ilitoka Japani na haijawahi kusahau kwao. Ukiwasha tu, mwanamke anazungumza Kijapani kutoka kwenye dashibodi, kwa upole, kuhusu kadi ya barabara za kulipia ambazo Arua hakuna. Dereva amemzoea. Humjibu kila asubuhi, "Asante dada, tumesikia."

Redio nayo ni ya kulekule. Masafa yake yanaishia 90, ndivyo walivyozitengeneza Japani wakati ule, na kifaa cha kuongeza masafa Dereva hajanunua. Radio Pacis iko 90.9. Yaani imempita kwa kidole kimoja! Miaka minne anaendesha kati ya Arua na Koboko, anasikia mkwaruzo tu.

Baada ya Maracha kukawa kimya. Halafu kutoka nyuma, bila kuombwa, akaanza yule bwana. Kipepeo. Juu mno, palepale anapopendaga, pabaya kabisa. Nikavuta mdomo tayari kusonya, nikakuta Mwalimu ameshadakia, Fundi ameshika ya chini, Dereva anapiga usukani kwa kiganja, na kinywa changu mimi kimeshajaa kiitikio.